Mtihani wa Bodi Ugenini: Kulala, Kula na Kutembea Bila Kuharibu Karatasi

Mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Miezi yote miwili ina mvua ukanda wa pwani: Mei ni mkia wa masika, Novemba ni vuli. Mtahiniwa anayetoka mkoani kwenda kufanyia Dar es Salaam anaingia jiji lenye joto, foleni na mafuriko ya ghafla, tena katika wiki ambayo kichwa chake kinatakiwa kiwe kimetulia kuliko wiki nyingine yoyote. Karatasi nyingi haziharibiki kwa kukosa kusoma. Zinaharibika kwa tumbo, kwa usingizi na kwa kuchelewa. Yote matatu yanazuilika kwa mpango wa siku sita.

Siku na pesa

Hesabu ya usiku wa kulala ni rahisi: siku kuanzia karatasi ya kwanza hadi ya mwisho, jumlisha mbili. Ukiwa na karatasi Jumanne, Jumatano na Alhamisi, fika Jumapili, ondoka Ijumaa. Huo ni usiku tano. Jumapili mwili unapumzika safari. Jumatatu unakwenda kukiona kituo cha mtihani, na uende kwa saa ile ile utakayosafiri siku ya karatasi, maana barabara ya saa moja asubuhi na ya saa tano ni barabara mbili tofauti. Tazama mlango wa kuingilia, choo kilipo, na mahali pa kuacha mkoba. Piga saa ya safari nzima, kisha ongeza nusu yake. Ukitumia dakika 50, jitengee 75.

Bajeti iandikwe kabla ya kukata tiketi. Chukua mfano wa mtu anayetoka Dodoma kwa treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, iliyoanza safari za Dar hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Nauli ya 31,000 mara mbili ni 62,000. Chumba cha 30,000 kwa usiku tano ni 150,000. Chakula cha 12,000 kwa siku sita ni 72,000. Nauli za mjini, 6,000 kwa siku sita, ni 36,000. Jumla 320,000. Ongeza akiba ya asilimia 20, yaani 64,000, upate 384,000. Badilisha bei kulingana na msimu wako, lakini akiba usiipunguze: ndiyo itakayolipa bajaji asubuhi ya mvua, na ndiyo itakayonunua dawa. Pesa ya matembezi ikae kando kabisa, kwenye laini nyingine ya simu ikiwezekana, isiguswe hadi karatasi ya mwisho.

Mahali pa kulala ni uamuzi mkubwa kuliko unavyoonekana. Mvua kubwa ikinyesha, bonde la Jangwani hujaa maji na Barabara ya Morogoro hufungwa hapo. Mabasi ya Mwendokasi kati ya Kimara na katikati ya mji husimama au hukatizwa. Kwa hiyo lala upande ule ule wa Jangwani kilipo kituo chako. Kituo kikiwa Upanga au Posta, katikati ya mji, chumba cha bei nafuu Kimara si nafuu tena siku barabara inapokatika. Kituo kikiwa upande wa Bunju, tafuta Bunju, Boko au Tegeta.

Ukipiga simu gesti, uliza manne: kuna baa au ukumbi wa sherehe jirani? Maji yanatoka saa zote? Umeme ukikatika kuna jenereta? Kuna meza na kiti chumbani? Swali la kwanza ndilo lenye uzito. Muziki wa Jumatano usiku hauzimwi kwa kuwa una karatasi ya kodi kesho yake.

Kulala kwa ndugu huokoa pesa, na ni heri, lakini ugeni una haki zake. Utaketi na wazee, utasalimiwa na majirani, utaulizwa habari za nyumbani hadi saa nne usiku. Kama utafikia kwa shangazi au baba mdogo, mwambie mapema kwa simu, kwa adabu, kwamba mazungumzo marefu na ziara mtazifanya baada ya karatasi ya mwisho. Wakubwa wengi wakielezwa mapema huwa ndio wanaowanyamazisha watoto.

Saa iliyoandikwa kwenye tiketi

Kosa hili hurudia kila msimu. Tiketi za treni, boti na ndege, pamoja na ratiba nyingi za mitihani, huandikwa kwa saa za Kizungu. 09:00 ni saa tatu asubuhi. 14:00 ni saa nane mchana. Tabu inaanza pale tiketi ya basi iliyoandikwa kwa mkono inaposema "saa 12:00", na maana yake ni alfajiri, si mchana. Siku unapopokea ratiba, iandike upya kwa mkono wako kwa maneno: "Jumanne, saa tatu asubuhi". Ibandike ukutani, na mpe nakala mtu wa nyumbani atakayekupigia simu kukuamsha.

Jina la Magufuli nalo limewapoteza wengi. Kituo cha mabasi cha Magufuli kipo Mbezi Luis, nje ya mji kwenye Barabara ya Morogoro. Mabasi ya mikoani hushushia huko. Stesheni ya Magufuli ya SGR ipo katikati ya jiji. Ukimwambia bodaboda "nipeleke Magufuli" bila kutaja treni au basi, unaweza kujikuta zaidi ya kilomita 20 kutoka unakotaka. Kwa treni, beba kitambulisho kilekile ulichokatia tiketi na ufike angalau saa mbili kabla ya kuondoka, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo na milango hufungwa mapema.

Kula

Hapa ndipo penye hatari halisi, na ndipo penye raha. Kanuni ni moja: kabla ya karatasi ya mwisho kula ulichokizoea, kimoto, kilichopikwa muda huohuo. Kigeni na kibichi vingoje.

Wali ndio unaodanganya zaidi, kwa kuwa kila mtu anaujua. Mchele hubeba vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemka. Wali ukikaa sufuriani saa kadhaa kwenye joto la Dar, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto upya. Kutapika huanza ndani ya saa moja hadi sita. Wali wa mama ntilie wa saa sita na nusu mchana, unaofuka mvuke, hauna neno. Wali uleule saa moja usiku ni wali mwingine. Kiporo cha asubuhi, hata kikiwa cha shangazi, kikatae kwa upole siku ya mtihani.

Samaki wana hila yao. Jodari, kibua na nguru wakikaa juani kabla ya kupikwa hujenga sumu ambayo moto hauivunji. Dalili huja haraka: uso kuwa mwekundu na moto, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, mara nyingi ndani ya saa moja. Samaki huyo anaweza kuwa hana harufu mbaya. Ukitafuna ukahisi ukali kama wa pilipili ambayo haikutiwa, tema na uache. Kwa wiki ya mtihani chagua changu aliyekaangwa mbele yako, au achana na samaki ule maharage.

Kuchagua mama ntilie kunahitaji dakika tano za kutazama. Tafuta penye foleni ya madereva na mafundi, kwa kuwa chakula kinachoisha haraka hakipati muda wa kuharibika. Angalia maji ya kunawa: yanayotiririka kutoka kwenye ndoo yenye koki ni salama kuliko bakuli ambalo watu kumi wametia mikono. Angalia sahani zinaoshwa wapi. Kachumbari ni mboga mbichi iliyooshwa kwa maji usiyoyajua, basi iache hadi Alhamisi jioni. Juisi ya miwa nayo hivyo hivyo. Tatizo mara nyingi ni barafu na kitambaa cha kufutia mashine, si miwa. Dafu lililokatwa mbele yako halina shida.

Asubuhi ya karatasi ya saa tatu, kula saa kumi na mbili na nusu. Chapati mbili na maharage, au mihogo ya kuchemsha na mayai mawili, na chai. Supu ya mbuzi ni nzuri lakini si kwa mtu ambaye tumbo lake halijaizoea asubuhi. Mafuta hukawia tumboni na humfanya mtu azubae. Kunywa glasi mbili za maji ukiamka, kisha funda mojamoja tu hadi uingie. Anayekunywa chupa nzima nje ya mlango wa mtihani atapoteza dakika kumi kwenda chooni, na dakika kumi ni alama tano na zaidi.

Ukiwa na karatasi mbili siku moja, mchana usile kama wa sherehe. Wali ujazo wa ngumi moja, maharage, mchicha, ndizi mbivu. Ugali mkubwa na nyama choma utakulaza saa nane. Asiyeamini chakula cha jirani na kituo abebe mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, ndizi, mkate na karanga. Hivyo havichachi kwa saa chache. Usibebe wali kwenye hotipoti tangu alfajiri.

Kahawa chungu ya vijiwe vya jioni ni tamu kwa kashata, lakini muda wa saa tano hivi baada ya kuinywa, nusu ya kiamsho chake bado imo mwilini. Mwisho wako uwe saa tisa alasiri. Vinywaji vya kuongeza nguvu kwa mtu asiyevizoea huleta mkono unaotetemeka na mwandiko usiosomeka.

Tumbo likishaharibika, dawa ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima kwa kijiko, si kwa kukisia. Chumvi ikizidi ina madhara. Kunywa kidogo kidogo baada ya kila kuhara. Ukiona damu, au homa inapanda, nenda zahanati usiku huohuo, usingoje kuona kesho itakuwaje.

Ndani ya chumba cha mtihani

Beba hati ya mtihani yenye namba yako, kitambulisho, kalamu tatu za wino uleule, rula, na kikokotoo kisichohifadhi programu. Kikokotoo kijaribu usiku: gawanya 1 kwa 1.1, kisha jibu kwa 1.1, kisha tena kwa 1.1. Lazima upate 0.7513 na zaidi. Kikionyesha 0.75 au 1, mtu amekifunga kwenye desimali chache; kirudishe hali ya kawaida, la sivyo hesabu zako zote za thamani ya sasa zitapinda bila wewe kujua. Kama umeazima, jaribio hili ni la lazima.

Karatasi ya muda wa saa tatu yenye alama 100 inakupa dakika 180. Ondoa kumi za kusahihisha, zibaki 170: dakika 1.7 kwa alama moja. Swali la alama 40 ni dakika 68, la alama 20 ni dakika 34. Ukianza saa tatu kamili kwa swali la alama 40, kisha matatu ya alama 20, andika pembeni kwa penseli: 4:08, 4:42, 5:16, 5:50. Saa ikifika, hama. Kuhama ndilo jambo gumu kuliko yote, hasa mizania inapokataa kulingana kwa tofauti ndogo inayokera. Iache. Alama zinatolewa kwa hatua na hesabu za pembeni ulizozipa namba, wala si kwa jumla mbili kulingana. Dakika ishirini za kusaka tofauti moja zimewanyima watu swali zima ambalo walilijua.

Makosa madogo ya kodi nayo hula alama kimya kimya. Bei ya 118,000 ikiwa tayari ina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya kiwango cha kawaida cha asilimia 18, kodi iliyomo ni 118,000 × 18 ÷ 118, yaani 18,000. Anayezidisha moja kwa moja kwa asilimia 18 anapata 21,240 na kila mstari unaofuata unaharibika. Soma swali, upigie mstari neno "pamoja na" au "bila" kodi, ndipo ushike kikokotoo. Katika maswali ya IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha kuripoti mapato ya mikataba na wateja, usiimbe hatua tano tupu: mkataba, ahadi za utendaji, bei ya muamala, kugawa bei, kutambua mapato. Kila hatua itajie jina la mteja, tarehe na kiasi kilichomo kwenye swali. Nadharia isiyogusa kisa inapata alama chache sana.

Ukitoka, usisimame getini kulinganisha majibu. Karatasi imeshakusanywa, na mjadala huo unamaliza nguvu ya karatasi ya kesho.

Siku ya pengo

Wapo wenye siku nzima tupu kati ya karatasi mbili. Kujifungia chumbani na vitabu kutwa kunachosha bila kuongeza kitu; kutembea kutwa kunavunja kabisa. Kinachofaa ni nusu siku, isiyozidi saa moja ya safari, isiyo na bahari wala chakula kipya.

Makumbusho ya Taifa, Barabara ya Shaaban Robert, yanafaa kuliko mahali pengine popote mvua ikinyesha: ni ndani, ni kimya, na yanamaliza saa mbili. Habari za fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959 zipo huko. Nenda na kitambulisho cha mwanafunzi, uliza kama kuna bei ya wanafunzi. Saa saba uwe umerudi na umelala dakika ishirini, kisha soma hadi jioni.

Baada ya karatasi ya mwisho: Bagamoyo

Kwa siku moja, hakuna safari nzuri zaidi ya hii karibu na Dar. Mji uko kilomita 65 hivi kaskazini. Magari huanzia kituo cha daladala cha Makumbusho, si kwenye Makumbusho ya Taifa. Aliyelala Bunju yuko njiani tayari, ila magari hufika hapo yamejaa. Kama hutaki kusimama, bora kurudi nyuma hadi Makumbusho na kupandia huko.

Ondoka saa moja asubuhi. Ukifika, anza na Kaole, kilomita tano hivi kusini ya mji, kabla jua halijakaa utosini, maana kivuli ni haba. Chukua bajaji na mpatane bei ya kwenda, kungoja na kurudi kwa pamoja; ukilipia kwenda tu, kurudi kutakugharimu muda au bei maradufu. Kaole kuna magofu ya misikiti, mmoja wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Ni mahali pa ibada na pa wafu: vaa nguo ya heshima, usikae juu ya kaburi kupiga picha.

Kisha rudi mjini, kwenye misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Mwili wa David Livingstone ulipitia hapo mwaka 1874 baada ya kubebwa na Waafrika waliokuwa naye kutoka bara hadi pwani. Boma la Wajerumani la mwaka 1897 na Ngome Kongwe vinafikika kwa miguu. Huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na ya watumwa. Mwongozaji wa hapo anajua nyumba ipi ilikuwa nini, na malipo yake yana thamani kuliko kuzunguka peke yako ukisoma vibao.

Sasa kula. Soko la samaki la ufukweni lina pweza na samaki wa kukaanga, na migahawa midogo hupika wali wa nazi. Agiza kabla ya saa saba, ukiuliza kilichopikwa leo. Kachumbari ile uliyoikataa wiki nzima, ongeza sahani ya pili. Ondoka saa tisa. Ukichelewa, foleni ya Tegeta hadi Mwenge itakufikisha usiku.

Anayetaka bahari ana kisiwa cha Mbudya, kwa boti za kutoka Kunduchi. Kuna ada ya hifadhi ya bahari na nauli ya boti. Beba pesa taslimu. Mei upepo wa kusi umeanza na maji huchafuka, kwa hiyo vaa jaketi la kuokolea au usipande, na mpatane na nahodha saa ya kurudi kabla hajaondoka. Zanzibar ni boti ya saa mbili hivi, lakini kwenda na kurudi siku moja ni kuchoka bure. Lala usiku mmoja, ule urojo, au usiende.

Aliyefanyia mtihani Dodoma ana hesabu nyingine. Hewa ni kavu, hivyo maji ya kunywa yaongezwe, na usiku wa Mei kuna baridi inayohitaji sweta. Ugali wa uwele na mlenda ni chakula cha kuonja baada ya karatasi, na zabibu zioshwe kwa maji safi hata kama muuzaji anakuhakikishia. Michoro ya miambani ya Kondoa, urithi wa dunia tangu 2006, iko Kolo, zaidi ya kilomita 150 kaskazini. Itengee siku mbili, lala Kondoa mjini, na tiketi ya treni ya kurudi ikate ya siku ya tatu.